Theluji ya Kilimanjaro na amri ya kutoshuhudia uongo

Katika vikundi vya kujifunza Biblia, na wakati mwingine hata mimbarini, mjadala wa mabadiliko ya tabianchi huishia kwenye mstari mmoja wa Mwanzo 8:22: "Muda nchi idumupo, majira ya kupanda, na mavuno, wakati wa baridi na wakati wa hari, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, mchana na usiku, havitakoma." Mstari ukishasomwa kwa sauti ya uhakika, watu huitikia amina, na habari ya wanasayansi hufungwa hapo. Mimi ni Mlutheri niliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Nauamini mstari huo bila kupunguza neno, lakini naona tunautwisha mzigo usio wake. Mungu alimwahidi Nuhu kwamba majira hayatakoma duniani. Hakumwahidi mkulima wa Rombo kwamba masika yatafika wiki ileile aliyoizoea babu yake, wala hakusema kwamba wanadamu hawataweza kuyavuruga. Ukiendelea kusoma kitabu hichohicho hadi sura ya 41 utakutana na miaka saba ya njaa, iliyokuja ahadi ikiwa bado inasimama. Yusufu hakumtuliza Farao kwa kumkumbusha agano la Nuhu. Alipokea habari ya mambo yajayo, akakusanya nafaka, akaiweka ghalani.

Watu wa mlimani tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu katika jambo hili, kwa kuwa habari za theluji yetu ziliingia katika maandishi ya Ulaya kupitia kwa mmisionari, na mmisionari huyo hakuaminiwa. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na Shirika la Kimisionari la Kanisa la Uingereza na ambaye makao yake yalikuwa Rabai, nyuma ya Mombasa, aliona weupe juu ya mlima akiwa njiani kuelekea Uchagani. Alimwuliza kiongozi wake wa njia kile ni kitu gani, akajibiwa kwamba ni baridi. Katika kumbukumbu za safari yake Rebmann anaeleza kwamba walipopumzika alisoma Zaburi ya 111, ambayo ndiyo aliyokuwa amefikia katika usomaji wake, ile isemayo kwamba matendo ya Bwana ni makuu, yafikirika na wapendezwao nayo. Taarifa yake ilipochapishwa, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, mtu ambaye hakuwahi kuja huku, aliikataa kwa miaka mingi akishikilia kwamba theluji karibu na ikweta ni jambo lisilowezekana. Ilibidi Karl Klaus von der Decken aupande mlima kwa sehemu, mwanzoni mwa miaka ya 1860, ndipo neno la Rebmann lipate uzito, na mwaka 1871 mmisionari mwingine, Charles New wa Kimethodisti, akaifikia theluji yenyewe. Nakipenda kisa hiki kwa sababu leo ni sisi Wakristo tunaoelekea kukikalia kiti cha Cooley, tukikataa vipimo vya watu waliokwenda na kuona kwa kuwa haviingii katika hesabu tuliyoipiga tukiwa tumekaa.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Ramani ya mwaka 1912 inaonyesha barafu ya kilele ikiwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Mtu yeyote mwenye umri mkubwa kule Machame au Marangu atakuambia hayo bila kupanda mlima. Hapo hapana ubishi. Ubishi unaanzia kwenye utabiri uliotangazwa mwaka 2002, kwamba barafu ile huenda ingetoweka kabisa kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na vipande vya barafu bado vipo, na picha zake huzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya waumini zikiambatana na maneno ya kejeli. Mzaha huo una nusu ya haki. Utabiri ulikosea tarehe, na waliourudia majukwaani kana kwamba ni tangazo la treni walifanya vibaya. Lakini aliyesema mgonjwa atakufa Jumatatu, na mgonjwa akafika Alhamisi akiwa amepungua zaidi, hajathibitisha kwamba hapakuwa na ugonjwa.

Kuna jingine ambalo wapiga debe wa mazingira hulipitia haraka. Watafiti wanaoujua mlima wanasema kupungua kwa barafu ya Kilimanjaro hakukusababishwa na joto peke yake. Sehemu kubwa inatokana na hewa ya huku kuwa kavu zaidi tangu mwishoni mwa karne ya 19, kukawa na mawingu machache na theluji mpya kidogo ya kuifunika barafu ya zamani isiunguzwe na jua. Wanasema pia kwamba maji ya mito na ya mifongo yetu, yaani mifereji ya jadi ya kumwagilia mashamba, hayategemei barafu hiyo kwa kiasi kikubwa, bali yanategemea msitu, unaopokea mvua nyingi na kukamata ukungu kwenye majani na kuvumwani. Moto wa miaka mingi umeuteremsha mpaka wa juu wa msitu huo, na moto wa Oktoba 2020 pekee uliunguza karibu kilomita za mraba 95 za uoto wa mlimani. Kwa hiyo anayetaka kuwatisha watu wa Moshi kwamba barafu ikiisha mabomba yatakauka anasema jambo lisilo kweli kwa nia njema, na anayesema kwamba kwa kuwa barafu si chanzo cha mito basi hakuna tatizo, anasema jambo lisilo kweli kwa nia ya kupumzika.

Mwanzo mwa mtazamo wa Kikristo juu ya sayansi hii, kwa maoni yangu, ni amri ya nane: usimshuhudie jirani yako uongo. (Ndugu zetu wa madhehebu mengine huihesabu kuwa ya tisa, tusigombane kwa hilo.) Dunia ni kazi ya Mungu, Mungu hadanganyi, na kwa hiyo anayeipima dunia kwa uaminifu anasikiliza ushuhuda ambao hatuna sababu ya kuuogopa. Hatulazimiki kukiamini kila kichwa cha habari. Tunalazimika kusema kilichopimwa kama kilivyopimwa, kwa uhakika uleule kilio nao, bila kuongeza na bila kupunguza.

Na yapo mambo ambayo uhakika wake ni mkubwa. Kwamba hewa ya ukaa huzuia joto lisitoroke kwenda anga za juu kulijulikana tangu karne ya 19, na mwaka 1896 Msweden Svante Arrhenius alikwisha kupiga hesabu ya jinsi dunia ingepata joto kama hewa hiyo ingeongezeka. Vipimo vya kila siku vilivyoanza mwaka 1958 katika mlima Mauna Loa huko Hawaii vilikuta chembe 315 hivi za hewa ya ukaa katika kila chembe milioni za hewa. Sasa zimepita 420. Na jinsi ya kujua kwamba nyongeza hiyo inatoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi, wala si kwenye bahari, ni jambo linalonifurahisha kila ninapolifikiri. Kila kiumbe hai kina kiasi kidogo cha kaboni yenye mnururisho, ambayo hupungua taratibu baada ya kufa. Makaa na mafuta yamelala ardhini muda mrefu mno kiasi kwamba kaboni hiyo imekwisha kabisa, na wanasayansi wakaona kwamba uwiano wake hewani ulikuwa ukizimuliwa kadiri viwanda vilivyozidi kuchoma. Moshi umejitaja wenyewe ulikotoka.

Aliyeongoza kundi la wanasayansi lililotathmini mambo haya katika ripoti tatu za mwanzo za Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, za 1990, 1995 na 2001, alikuwa Sir John Houghton, mzaliwa wa Wales, profesa wa Oxford na mkuu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza, na Mkristo wa kiinjili asiyeificha imani yake hadi alipofariki mwaka 2020. Simtaji ili jina lake liwe hoja. Namtaja kwa sababu nimesikia mara nyingi kwamba sayansi hii ilibuniwa na wasiomjua Mungu ili kutupokonya imani, na habari hiyo ni ushuhuda wa uongo dhidi ya jirani aliye na jina.

Linalofuata ni gumu zaidi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika katika maeneo ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Makanisa yalifunga na kuomba, na wahubiri wakasema ukame ni matokeo ya dhambi. Mwaka 2023 kundi la kimataifa la wanasayansi lilikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yameufanya ukame wa kilimo wa aina ile uwezekane kutokea angalau mara 100 zaidi, hasa kwa sababu joto lililoongezeka linakausha udongo na malisho hata pale mvua inapopungua kwa kiasi kisichokuwa kikiua zamani. Kumbe wahubiri hawakukosea kabisa. Ni dhambi, tatizo ni kwamba tuliwaita watubu watu wasiohusika. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani kila mwaka. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake wote Marsabit akaambiwa aungame, aungame nini? Manabii hawakuhubiri hivyo. Amosi aliwafuata waliolala juu ya vitanda vya pembe, hakuwafuata walionyang'anywa shamba.

Hapo ndipo ninapoachana na sehemu ya harakati za mazingira. Zipo sauti humo zinazomwona mwanadamu kuwa wadudu juu ya ngozi ya dunia, na watoto wa Kiafrika kuwa hesabu inayopaswa kupunguzwa. Mkristo hawezi kuzifuata, kwa sababu Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, yaani mkono wa mkulima ulikuwamo katika mpango tangu mwanzo. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio dhidi ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Sikuwa na moyo mwepesi niliposoma maelezo yake. Baadhi ya hoja zake ni za kweli, hasa zile za fidia ya wenye ardhi na za mbuga zinazopitiwa, na sidhani bomba jipya la mafuta ni urithi mzuri wa kuwaachia watoto. Lakini azimio hilo lilitoka katika bara lililojijenga kwa makaa ya mawe kwa zaidi ya karne mbili, na likatufikia kabla bara hilo halijalipa deni la moshi wake. Mwenye boriti jichoni aruhusiwe kutaja kibanzi, ila aanze na boriti.

Wapo wanaojibu yote haya kwa 2 Petro 3:10, kwamba dunia itateketea hata hivyo. Hata mwili wangu utarudi mavumbini, na bado nikiugua malaria nanywa dawa.

Kuhusu tunachoweza kufanya wenyewe, Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) imekwisha kuonyesha njia. Askofu Fredrick Shoo aliupigania upandaji miti kwa miaka mingi hadi akaitwa Askofu wa Miti, na watoto wa kipaimara wakafundishwa kwamba kupanda mti ni sehemu ya mafundisho yao. Naiheshimu kazi hiyo mno, na kwa heshima hiyohiyo nasema kwamba sherehe zetu nyingi za kupanda miti ni upotevu wa miche. Mgeni rasmi anafika saa tano jua likiwa kali, anapewa mche, anauingiza shimoni pamoja na kiriba chake cha nailoni, anapigwa picha, anaondoka. Mizizi inajizungusha ndani ya nailoni, kiangazi kinafika, mche unakauka, na taarifa ya mwaka inasoma kwamba miti elfu kadhaa imepandwa. Mche ulitaka kiriba kipasuliwe, shimo lichimbwe mapema na kuchanganywa na samadi, na mtu mmoja mwenye ndoo katika kiangazi cha kwanza na cha pili. Vilevile tuache kupanda mikaratusi kwenye chemchemi kwa kuwa inakua haraka. Pale pana wenyeji wake, mkuyu na mringaringa, na wazee waliowaacha wasimame walikuwa na sababu. Ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili vijiji vipate kuni na mbao bila kuingia msituni ungefaa kuwa wa kwanza kupelekewa nguvu hiyo.

Ninalolipendekeza kwenye usharika wetu ni dogo na halina mgeni rasmi. Tununue kipima mvua, tukisimike penye uwazi mbali na miti na paa, na mzee wa kanisa mmoja akisome kila siku saa tatu asubuhi na kuandika katika daftari. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa mwelekeo wa masika, mchungaji au katibu ausome katika matangazo ya Jumapili pamoja na taarifa za ndoa na misiba, na msimu ukiisha daftari lisomwe pia, ili washarika wasikie wapi utabiri ulipatia na wapi ulikosa. Baraza la wazee limeomba kwanza lijue bei ya kifaa na nani atashika daftari wakati wa likizo.