Nishani usiyoijua: anza na ukingo

Usiku wa leo nawaza juu ya nishani isiyo na mwenyewe, ile inayokutwa ndani ya sanduku la urithi na hakuna aliyebaki wa kusema ni ya jeshi gani. Karibu kila anayeishika huanza na utepe, maana rangi ndizo zinazovuta jicho. Kwangu, utepe ndio ushahidi dhaifu kuliko wote. Kitambaa huoza, na anayekibadilisha huweka alichokipata. Hata kikiwa cha asili kinaweza kukupoteza: Nishani ya Ushindi ya Vita Kuu ya Kwanza ilitolewa na nchi nyingi washirika, kila moja kwa utepe uleule wa pinde mbili za mvua. Tofauti imo kwenye metali yenyewe. Nchi nyingi zilichora mwanamke mwenye mabawa, kila moja kwa mtindo wake. Japani na Siam (Thailand ya leo) hazikumtumia kabisa.

Basi anza na ukingo. Zima taa ya juu, weka tochi ubavuni, karibu usawa wa meza, kisha zungusha nishani polepole. Mwanga wa pembeni huyapa kivuli maandishi yaliyolika. Nishani za Uingereza za vita hiyo, ile ya fedha na ile ya Ushindi, zina kipenyo cha milimita 36, na ukingoni huwa na namba, cheo, jina na kikosi cha askari. Ukikuta neno BRONZE au ARGENT pamoja na kipembe kilichojaa matunda, hiyo ni alama ya kiwanda cha sarafu cha Paris. Ukikosa jina, usikimbilie kusema ni bandia. Nishani za Waingereza za 1939–45 zenye umbo la nyota walipewa askari wao bila kuandikwa jina lolote.

Mwaka nao una mtego wake. Msalaba wa Chuma wa Ujerumani wa 1939, daraja la pili, una 1939 mbele na 1813 nyuma, kwa sababu 1813 ndio mwaka tuzo hiyo ilipoanzishwa. Anayetazama nyuma tu anakosea kwa zaidi ya karne nzima! Vivyo hivyo msalaba wa heshima wa Ujerumani wenye 1914 1918: ulianzishwa 1934. Kwa Msalaba wa Chuma sumaku nayo husaidia, kwani kiini chake kwa kawaida ni chuma halisi na fremu yake ni ya rangi ya fedha; sumaku hunasa katikati.

Kwa maandishi ya Kisirili, alfabeti ya Warusi, Waserbia na Wabulgaria, tafuta herufi chache tu. Ћ na Ђ zinaelekeza Serbia. Ы haimo katika Kiserbia wala Kibulgaria; jaribu Kirusi kwanza.

Tafadhali, usiing'arishe. Dawa ya kung'arishia hula zile herufi nyembamba unazozihitaji, na enameli (ile rangi ngumu kama kioo) iliyopasuka hubanduka ukiisugua. Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu.

Kabla ya kumuuliza yeyote, pima kipenyo bila kuhesabu pete ya kuning'inizia, pima upana wa utepe, ipime uzito kwa gramu. Piga picha ya mbele, ya nyuma na ukingo mzima kwa vipande vinavyopishana kidogo, rula ikiwa kando. Picha ya mbele peke yake ndiyo inayotumwa mara nyingi, na mara nyingi haitoshi.