Kabla hujamwagilia, chomeka kidole kwanza

Nyanya zangu za kwanza kabisa zilikufa kwa maji. Sio kwa kukosa maji, kwa kupewa mengi, na mimi mwenyewe ndo nilikuwa nazipa, asubuhi na jioni bila kukosa, maana nilijua mmea ukilegea basi una kiu. Ilikuwa miche minne ndani ya ndoo mbili. Majani ya chini yakaanza kuwa ya njano, baadaye mche mzima ukawa unalegea hata asubuhi kabla jua halijawa kali, nikaongeza maji, ukazidi kulegea, nikaongeza tena. Siku nilipong'oa mmoja nikakuta mizizi imekuwa ya kahawia na laini, ukiivuta kidogo tu ganda linabaki mkononi, na udongo wa chini unanuka kama mtaro. Iliniuma kweli, nilikaa pale na ule mche mkononi muda mrefu.

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye ndo anaanza bustani nyumbani na hajui aanzie wapi. Wengi wanauliza kwanza mbegu gani, mbolea gani, na ni maswali mazuri, ila mi naona swali la kwanza kabisa ni hili: huko chini kwenye mizizi kuna maji kiasi gani sasa hivi?

Mizizi inapumua. Hiki kitu hakuna aliyeniambia mwanzoni. Udongo mzuri umejaa vijitundu vidogo vidogo, vingine vina maji vingine vina hewa, sasa wewe ukimwaga maji kila saa vyote vinajaa maji, hewa inatoka, mizizi inakosa oksijeni na inaanza kuoza, na mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji hata kama umezama humo humo ndani ya maji. Ndo maana unaona mmea unalegea kwenye udongo uliolowa chapachapa. Ukiangalia kwa juu dalili ni ile ile ya kiu, na hapo ndipo tunapodanganyika.

Kwa hiyo fanya hivi. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kama sm 4 au 5 hivi. Kikitoka kikavu, mwagilia, na mwagilia vizuri mpaka uone maji yanatokea chini ya chombo, sio kunyunyiza juu juu. Kikitoka na udongo wa baridi umekigandia, acha, rudi kesho uangalie tena. Juu panaweza kuwa pakavu kabisa wakati chini bado kuna maji ya kutosha, usiamini macho. Njia nyingine ni kuinyanyua ndoo kidogo upande mmoja, baada ya siku chache mkono wenyewe unaanza kujua uzito wa ndoo iliyoshiba na uzito wa ndoo yenye kiu. Ila mbegu ambazo hazijaota na miche iliyotoka juzi ni kesi tofauti, hizo mizizi yake bado iko juu juu kwa hiyo pale juu pawe na unyevunyevu muda wote, unyevu tu sio tope, maana ikizidi unapata kinyausi, unakuta mche umenyongeka pale shina linapokutana na udongo na umelala chini, asubuhi moja tu.

Na chombo lazima kiwe na matundu. Ndoo zangu zilikuwa na tundu moja moja, na juu yake nilipanga kokoto nikidhani zitasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto, yanasubiri mpaka udongo wa juu yake ujae kwanza, kwa hiyo unachofanya ni kupandisha lile tabaka la maji lisogelee mizizi zaidi. Toboa matundu matano sita, jaza udongo mpaka chini, basi.

Udongo wenyewe sasa. Ule wa kuchimba nje ukiujaza peke yake kwenye ndoo, baada ya kumwagilia mara kadhaa unashikana unakuwa kama tofali, hewa hakuna. Changanya na mboji iliyooza vizuri na kitu cha kuulegeza, mchanga wa chembe kubwa kwa mfano. Kama unapanda moja kwa moja ardhini, kuna jaribio moja nalipenda sana: chukua chupa ya kioo, weka udongo hadi theluthi moja, jaza maji, tikisa kwa nguvu halafu iweke mahali bila kuigusa. Mchanga unatua chini ndani ya dakika moja mbili, chembe za kati zinafuata ndani ya masaa, udongo wa mfinyanzi unaelea unaelea unaweza kuchukua siku nzima au zaidi mpaka utulie. Kesho yake unasoma matabaka kama mistari. Tabaka la mfinyanzi likiwa nene sana jua kwamba bustani yako itashika maji muda mrefu, usimwagilie kwa mazoea.

Jua nalo ulichunguze kabla hujanunua mbegu, pita asubuhi, mchana na jioni uone linafika wapi. Nyanya na pilipili zinataka masaa 6 mpaka 8 ya jua la moja kwa moja, mboga za majani nyingi zinavumilia hata masaa 4.

Mbegu ya kuanzia? Mi nakwambia maharage. Mbegu ni kubwa, unaishika vizuri, unaifukia mara mbili au tatu ya unene wake, na kukiwa na joto ndani ya wiki moja hivi inatoka. Usikose kuiona inavyotoka! Haianzi na majani, inaanza na shingo iliyojikunja kama ndoano, inausukuma udongo mpaka unapasuka, halafu shingo inanyooka taratibu na kuvuta juu zile nusu mbili za mbegu, na katikati yake ndo kuna majani mawili yamekunjamana bado. Mtu akishaona hicho kitu kwenye ndoo yake mwenyewe haachi tena. Figili pia ni nzuri, aina za haraka unavuna ndani ya siku 25 hadi 30. Karoti isie pale pale itakapokulia, haipendi kuhamishwa. Na usianze na vyombo zaidi ya vitatu vinne tafadhali.

Mbolea sisemi sana, samadi mbichi usiweke, inaunguza, na ukizidisha naitrojeni, kile kirutubisho cha majani, kwenye nyanya utapata majani mazito bila matunda. Vidukari, vile vijidudu vinavyofyonza mmea, utavikuta chini ya majani, vipige maji kwa nguvu vidondoke, na ukiona wale wadudu wa duara wekundu wenye madoa meusi waache kabisa, wanavila.

Narudi kwenye maji maana hadithi haikuishia kwenye ile miche minne. Msimu uliofuata nikawa naogopa maji. Nikawa naacha udongo unakauka mpaka unaachana na ukuta wa ndoo, halafu nashtuka namwaga mengi, halafu nanyima tena. Nyanya zikazaa vizuri tu, lakini matunda ya kwanza yakaja na doa jeusi lililobonyea chini, kuoza kitako. Nikaambiwa nyanya zimekosa kalsiamu, weka chokaa. Kumbe mara nyingi kalsiamu ipo kwenye udongo, ila inasafiri na maji kwenda kwenye tunda, na maji yakiwa ya leo mengi kesho hakuna haifiki ya kutosha. Sikuweka chokaa. Nilitandaza majani makavu juu ya udongo kama sm 5, nikaacha nafasi kidogo kuzunguka shina, na nikaanza kuchomeka kidole kila asubuhi bila kuruka siku. Matunda yaliyofuata yalitoka safi.

Leo asubuhi nimefunua yale majani makavu, nimechomeka kidole, kimetoka na udongo wa baridi. Keni ya kumwagilia ilikuwa imeshajaa mkononi. Nimeiweka chini, nikahesabu vishada vya maua, viko vitano, na kimoja kimeshafunga nyanya yenye ukubwa wa punje ya pilipili manga.