Siku Ultra 5 ilipopoteza hostid

Aprili 2009 niliitwa kwenye ofisi moja ya upimaji ramani Dar es Salaam. Umeme ulikatika wikiendi nzima, na Jumatatu kompyuta yao ya Sun Ultra 5 ikagoma kuwaka. Skrini ilirudia mstari mmoja: "Timeout waiting for ARP/RARP packet". Kijana wa pale alishabadilisha kebo ya mtandao mara mbili. Simlaumu, maana mstari wenyewe unataja mtandao. Lakini mashine yenye mfumo endeshi wa Solaris kwenye diski yake hutafuta mtandao ili iwake pale mipangilio yake inapokuwa imevurugika.

Nikabonyeza Stop na A kwa pamoja, ikaja alama ya ok inayosubiri amri, nikaandika banner, amri inayoonyesha utambulisho wa mashine. Anwani ya Ethernet, yaani namba ya mashine kwenye mtandao, ilikuwa ff:ff:ff:ff:ff:ff, na hostid, namba ya utambulisho wa mashine yenyewe, nayo ff tupu. Amri ya probe-ide, inayotafuta diski, iliiona diski vizuri. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye chipu ya M48T59Y, ambayo ndani ya plastiki yake mna saa, kumbukumbu ndogo na betri ya lithiamu inayodumu miaka kama 10. Umeme ukiwepo betri hiyo haiguswi, kwa hiyo inaweza kufa kimya kimya na mtu asijue mpaka umeme ukatike.

"Fundi, programu ya ramani inasoma hostid," mkuu wao akaniambia. "Ikibadilika, leseni imekufa."

Hapo ndipo nilipoogopa. Tukapekua majalada mpaka tukapata nakala ya leseni iliyochapishwa, yenye hostid: 80, kisha tarakimu sita. Kwenye Ultra 5 tarakimu hizo sita ndizo pia baiti tatu za mwisho za anwani ya Ethernet, baada ya 8:0:20. Karatasi moja ikanipa vyote viwili.

Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikagusa chuma cha kasha kutoa umeme tuli. Chipu ina pini 28. Niliinyanyua kwa bisibisi bapa, kidogo upande huu, kidogo upande ule, kwani ukiivuta upande mmoja pini zinapinda. Mpya nikaiweka kwa kufuata kikato chake, ukiigeuza unaiunguza.

Kisha set-defaults, amri ya kurudisha mipangilio ya awali, halafu baiti moja moja kwa amri ya mkp, thamani kwanza, nafasi baadaye, zote kwa namba za msingi wa 16:

1 0 mkp
80 1 mkp
8 2 mkp
0 3 mkp
20 4 mkp

Baiti tatu za leseni zikaingia nafasi 5, 6 na 7, na tena c, d na e. Nafasi 8 hadi b nikajaza sifuri. Mwisho hesabu ya uhakiki, ambayo ikikosewa IDPROM yote, yaani baiti hizo za utambulisho, inakataliwa:

0 f 0 do i idprom@ xor loop f mkp

Banner ikaonyesha namba zilezile za kwenye karatasi. Nikaandika boot disk, nikarekebisha tarehe kwa sababu leseni huangalia saa pia, ndipo nikamwita mkuu afungue ramani zake. Zikafunguka. Kabla ya kufunga kasha niliandika hostid kwa kalamu ya wino mzito, ndani ya mfuniko.