Mchicha ulininunulia uzi

Mdogo wetu wa mwisho alipoleta habari kwamba harusi ni Desemba, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua matembele. Kabla hajamaliza habari za kamati na kadi za michango, nikasikia mdomo wangu unasema, "Vitambaa vya makochi niachieni mimi. Seti nzima." Mume wangu akanitazama, kisha akarudi kwenye simu yake. Alijua mfukoni hamna kitu, na alijua pia kwamba mara ya mwisho nimeshika kroshia mtoto wetu wa pili alikuwa hajazaliwa. Sasa yuko darasa la tano.

Anayefuma anajua seti nzima maana yake nini. Kochi la watu watatu, la watu wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja: hapo kuna migongo saba na mikono minane, halafu meza ya kati. Vitambaa 16. Nilipiga hesabu nikaona haitapungua vidonge 27 vya uzi mweupe, na kidonge kimoja hapa Morogoro nilikuwa nakipata kwa shilingi 3,000. Huo ulikuwa mwanzo wa Juni. Ada ya muhula ilikuwa mlangoni, kwa hiyo pesa ya nyumbani haikuguswa hata kwa mawazo.

Nilichokuwa nacho ni uwanja nyuma ya nyumba, na kisima cha jirani anayeuza ndoo kwa bei ya kibinadamu. Watu wengi hupanda mchicha masika, wakati mvua inafanya kazi yote. Shida ni kwamba masika kila mtu ana mboga, hata kwenye mitaro inaota, na fungu unalibembeleza liondoke. Kiangazi ndiyo mboga ina bei, mradi uwe na maji na uwe tayari kuamka. Nikachimba matuta matatu, kila moja urefu hatua sita, nikachanganya samadi ya ng'ombe iliyokaa hadi ikaacha kunuka. Mbegu za mchicha ni ndogo kama vumbi, ukizimwaga hivihivi zinaangukia sehemu moja, zinaota zimesongamana kama nywele. Mimi nazichanganya na mchanga mkavu, kiganja kimoja cha mbegu kwa vinne vya mchanga, halafu natawanya. Tuta la pili nililipanda siku kumi baada ya la kwanza, na la tatu siku kumi baadaye, ili nisijikute na mlima wa mboga wiki moja halafu wiki mbili sina kitu.

Wiki ya nne nikakata tuta la kwanza. Nilikata, sikung'oa, nikaacha kisiki chenye majani mawili matatu kichipue tena. Yalitoka mafungu 40, kila moja shilingi 300. Shilingi 12,000, vidonge vinne vya uzi. Nilikwenda navyo nyumbani nimevikumbatia kama mtoto.

Sasa niseme kosa la kwanza, kwa sababu linaweza kumpata yeyote anayenunua kidogo kidogo. Vidonge vinne vya mwezi wa saba na vidonge sita vya mwezi wa nane havikuwa na weupe mmoja. Dukani huwezi kuona. Nyumbani, mchana, nilipoviweka pamoja kitandani, vile vya kwanza vilikuwa vyeupe vya maziwa na vile vya pili vina kibuluu kwa mbali. Uzi ule ule, jina lile lile, ila umetiwa rangi siku tofauti. Ningeuunga katikati ya kitambaa, mstari ungeonekana kutoka mlangoni. Nilichofanya ni kuuchanganya kwa makusudi: uzi wa maziwa ukawa wa katikati, wa kibuluu ukawa wa pindo, na nikafanya hivyo kwa vitambaa vyote vya mikono ili ionekane nimekusudia tangu mwanzo. Wageni walisifia. Kwa vilivyobaki, nilimwendea mwenye duka nikamwomba aniwekee vidonge 17 vya boksi moja, niwe namlipa kila nikikata mboga. Alikubali kwa masharti ya kumpelekea fungu la mchicha kila Jumamosi, na hilo fungu halikuwa sehemu ya malipo.

Mtindo niliutoa kwenye kitabu. Nilikinunua siku nyingi Dar es Salaam, pale Posta wanapotandaza vitabu vya mtumba chini, hakina jalada mbele wala nyuma. Kilinivuta kwa picha ya kitambaa cha meza cha duara, chenye mananasi yamezunguka, kila nanasi limeshonana na mwenzake kwa utando mwembamba kama wa buibui. Maelezo ni ya Kiingereza, tena cha vifupisho: ch, dc, tr, na tarakimu zimetapakaa kama hesabu za benki. Mama yangu alinifundisha kufuma kwa mdomo na kwa vidole. Kwake kulikuwa na cheni, nguzo fupi na nguzo ndefu, basi. Hakukuwa na herufi.

Binti wa kaka yangu alikuwa amekuja likizo. Nikamwita. "Shangazi, hii rahisi," akasema, akatafuta kwenye simu. Tukapata video ya mama mmoja wa Marekani anaonyesha dabo, yaani hiyo dc, pole pole, mikono safi, kucha nzuri. Dabo yake ilikuwa ndiyo nguzo yangu ndefu. Tukaandika pembeni ya kitabu kwa penseli: dc, nguzo ndefu. Trebo, yaani tr, ikawa nguzo ndefu zaidi. Nikaanza.

Raundi tano za mwanzo hazikuwa na tatizo. Ya nane nikaona kingo zinanyanyuka kidogo, nikasema pasi itanyoosha. Ya kumi na mbili kitambaa kiligoma kabisa kulala mezani. Kilikaa kama bakuli. Nikikigeuza kinakuwa kofia. Mwanangu alikivaa akazunguka nacho sebuleni. Nilicheka naye, usiku nikalia, maana vidonge viwili na nusu vilikuwa humo, na wiki mbili za usiku.

Aliyeniokoa ni mama mkwe, ambaye Kiingereza hasemi na miwani anavaa kwa kubahatisha. Alikuja kutazama wajukuu, akakiona, akaomba kitabu. Hakusoma neno. Akaweka ncha ya kroshia juu ya picha, akawa anahesabu kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Mwanangu, hawa wa kwenye picha nguzo zao ni fupi. Wewe umesimamisha minazi."

Kweli. Tulipofungua kurasa za mwisho, ambazo mimi sikuwahi kuzifikia, kulikuwa na michoro midogo ya mkono na kroshia. Kwenye dc, kroshia inaingia kwenye tundu, inavuta uzi, unakuwa na vitanzi viwili, unavipitisha vyote mara moja, umemaliza. Hiyo ni nguzo fupi! Kwenye tr, unazungusha uzi mara moja kabla hujaingia, ukivuta unakuwa na vitanzi vitatu, unatoa viwili, unatoa viwili. Hiyo ndiyo nguzo ndefu ya mama yangu, ambayo mama wa kwenye video aliiita dabo. Kumbe kitabu ni cha Uingereza. Waingereza na Wamarekani wanatumia majina yale yale kwa vitu tofauti: dabo ya Mwingereza kwa Mmarekani ni singo, na trebo ya Mwingereza kwa Mmarekani ni dabo. Kila mmoja yuko ngazi moja mbali na mwenzake. Tangu siku hiyo nikipata kitabu cha kufuma naangalia kwanza orodha ya vifupisho. Nikikuta sc, yaani singo, kwa kawaida ni cha Marekani. Nikikuta dc na tr bila sc, mara nyingi ni cha Uingereza, na simu naiweka mbali.

Na ile habari ya bakuli ina sababu yake, mama mkwe alinieleza huku anakunywa chai. Duara linapokua, ukingo unataka nguzo nyingi zaidi. Kitabu kilikuwa kimehesabu nguzo za kutosha ukingo wa nguzo fupi. Mimi nikaweka ndefu, duara likapanuka haraka kuliko hesabu, ukingo ukakosa nguzo za kutosha, ukabana, kitambaa kikanyanyuka. Ukizidisha nguzo inakuwa kinyume, kinafanya mawimbi kama pindo la gauni. Kwa hiyo sasa sisubiri raundi ya kumi na mbili. Kila baada ya raundi mbili nalaza kitambaa mezani na kukipapasa kwa kiganja. Kikinyanyuka au kikifanya mawimbi, nafumua hapo hapo.

Bakuli lile sikulifumua. Uzi wake ulikuwa umeshavutwa sana, na mimi moyo sikuwa nao.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Asubuhi saa kumi na mbili nipo kwenye matuta na ndoo, usiku watoto wakilala nashika kroshia. Kilichonisumbua zaidi ni mikono. Mkono wa bustani na uzi mweupe havielewani. Ngozi ikipasuka inanasa uzi kila unapovuta, na utomvu wa matembele unaweka weusi kwenye vidole ambao sabuni haiutoi. Nilikuwa nasugua vidole kwa ndimu, nanawa, nakausha, ndipo nafuma. Mafuta ya nazi nilipaka baada ya kumaliza, wakati wa kulala, kwa sababu ukipaka kabla uzi unayanywa na vumbi linakuja kukaa humo. Kazi nilikuwa naiweka kwenye foronya safi, sehemu ninayofuma tu ndiyo inatoka nje.

Pamoja na yote hayo, mwezi wa kumi nilikata mkungu wa ndizi, nikanawa maji matupu kwa haraka kwa sababu nilikuwa nataka kumaliza mgongo wa saba kabla umeme haujakatika. Mwenye mgomba anajua. Utomvu wa ndizi hauonekani siku ile ile. Kesho yake ulikuwa doa la kahawia, ukubwa wa punje ya mahindi, na halijatoka hadi leo kwa sabuni, kwa jua, wala kwa ndimu. Nilifikiria kurudia mgongo mzima. Nikafikiria tena. Doa lilikuwa chini karibu na pindo, na nilibakiwa na uzi kidogo, nikafuma ua dogo la petali sita nikalishona juu yake. Kisha ikabidi nifume maua mengine sita ya migongo mingine, ili yasiwe swali.

Wanga wa kukazia vitambaa nilitengeneza mwenyewe. Dukani upo wa kopo, lakini mimi nina mihogo mitatu kando ya ukuta, kwa nini ninunue? Unamenya muhogo, unaukuna, unaukamua kwenye maji kupitia kitambaa chepesi, unaacha maji yatulie. Baada ya saa mbili tatu chini kunakuwa na tabaka jeupe, gumu kama chokaa ukiligusa. Maji ya juu unamwaga. Lile jeupe nilichukua vijiko viwili vya chakula, nikakoroga kwa maji baridi, nikamimina kwenye nusu lita ya maji yanayochemka huku nakoroga hadi uji ukabadilika kutoka weupe kuwa kama kioo. Ukipoa, unachovya kitambaa, unakamua kwa kukibana bila kukipinda, unakilaza juu ya godoro la sponji lililofunikwa shuka na kukibana kwa pini kila ncha ya nanasi. Wapo wanaotumia maji ya sukari. Kinakuwa kigumu kweli, lakini wanaowatangulia wageni kwenye makochi yako watakuwa sisimizi.

Vitambaa 15 vilikauka vizuri. Kile cha meza kilihitaji pini 48 na magoti yangu yote mawili.

Siku ya kumfunda bi harusi, nilivifunga kwenye kanga ya doti moja na kumkabidhi. Akakifungua cha meza, akakishika kwa ncha mbili kukiangalia kwenye mwanga wa dirisha, mananasi yakaonekana ukutani kwa kivuli. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akauliza, "Dada, vinafuliwaje hivi?" Nikamwambia kwa mkono, maji baridi, na aje kuchukua muhogo.

Lile bakuli nalo nililitia wanga siku ile ile, nzito kuliko ya vitambaa, nikalifunika juu ya sufuria hadi likakauka. Liko jikoni, nimelining'iniza kwa kamba kwenye pembe ya dirisha, ndimo ninamoweka vitunguu saumu. Mama mkwe kila akija hulitazama kwanza kabla ya kusalimia.