Nyonga haikuwa na kosa

Jumapili natafuta fulana ya kuvaa, binti yangu akaninyooshea kidole kiunoni. "Baba, si ulisema pikipiki ilikuangukia mguu? Mbona kovu liko huku juu?"

Kweli, pikipiki ilinivunja mguu. Miezi tisa ilipita, chuma kimo mguuni, na mfupa wa muundi umegoma kuunga. Shangazi ananiletea supu ya makongoro kila wiki, mfupa umegoma vilevile. Daktari akaitazama picha, akasema tutachota mfupa kwako mwenyewe, nyongani, tuujazie pale palipogoma. Mfupa wa nyonga, akanieleza, ndani ni kama sifongo, umejaa uboho na seli hai zinazojenga mfupa. Na kwa kuwa ni zako, mwili hauzikatai.

Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo nilikuwa macho. Mbele ya uso wangu pazia la kijani, na nyuma yake: ko, ko, ko. Patasi na nyundo. Mimi ni seremala, sauti ile naijua. Ila sikuwahi kuwa ubao. Maumivu hamna, lakini mwili mzima unatikisika hadi meno yanagongana. Nikamwomba sista anionyeshe. Akakiinamisha kibakuli cha chuma: vipande vyekundu, vimelowa, kama machicha ya nazi yaliyomwagikiwa rojo la nyanya. Hata kiganja havijazi.

"Ndiyo hivi tu, sista?"

"Vinatosha," akasema, akaenda navyo upande wa miguu.

Yaliyofuata ni magongo. Mwezi wa nne baada ya upasuaji picha ikaonyesha ukungu mweupe pale palipokuwa na ufa mweusi. Shangazi akasema, si unaona makongoro? Sijambishia mpaka leo.

Kuhusu nyonga hakuna aliyenitahadharisha, au labda niliambiwa nikasikia nilichotaka. Mguu ulitulia mapema. Nyonga, iliyokuwa nzima, haina kosa, ndiyo iliyoninyima usingizi, na hadi sasa nikikaza mkanda inanung'unika. Siwezi kuilaumu sana.

"Kwa hiyo hapa ndani kuna shimo?" binti akauliza.

Nikamwambia aguse. Akabonyeza kwa kidole kimoja, akanyamaza, kisha akaanza kujipapasa kiuno chake.