Ng'ombe alivyotoka kati ya ngamia na ngozi

Nilikuwa naandaa kamusi ndogo ya ufugaji kwenye Excel, programu ya majedwali. Kila nikipanga kialfabeti, ng'ombe anajipenyeza kati ya ngamia na ngozi, maana programu hiyo hairuki herufi ila huruka ritifaa (alama ya '), nami nilitaka maneno ya ng' yafuate baada ya yale ya ng. Vitenzi navyo vikarundikana kwenye K: kukama, kulisha, kuchinja.

Nikaongeza safu wima ya kupangia, isiyochapwa. Humo ng' inageuzwa ngz, kwa hiyo ngzombe inashuka chini ya maneno yote ya ng. Kwanza lakini nilisawazisha ritifaa, kwani zilizonakiliwa kutoka Word zilikuwa zimepinda na fomula haikuzitambua.

Kiambishi ku- nilikiondoa pale tu safu wima ya aina ya neno inaposema kitenzi. La sivyo kuku angebaki ku! Kisha nikapanga jedwali zima kwa safu ile ya kupangia.