Kipakatalishi si kipatakalishi jamani

Jana nilipeleka laptopu yangu kwa fundi pale Mwembe Tayari, skrini ilikua imekufa, naangalia risiti yaniambia "kipatakalishi 1". Nikacheka peke yangu mpaka kwa feri watu wa Likoni waniona mwendawazimu.

Kufika nyumbani nikamsomea mamangu, ambae kompyuta hata kuwasha hajui, akauliza sasa lasemwaje sawasawa, nikamwambia ki-pakata-lishi, akafikiria kidogo akasema "aa, si kupakata huko, kama unavyompakata mtoto?" Yani ashaelewa kunishinda! Ndio hivyo, ni kupakata, kuweka mapajani, ikaunganishwa na tarakilishi ndio kompyuta yenyewe, kwa hivyo ka yatangulia kabla ya ta. Wingi ni vipakatalishi. Wenzetu Tanzania husema kompyuta mpakato, tamu pia hiyo.

Ila ukweli ukiingia dukani useme wataka kipakatalishi utaulizwa kama una mtihani wa Kiswahili kesho, hata mie nasema laptopu tu. Tena hii yangu haipakatiki, ina moto mapaja yaungua. Mamangu asema "basi hiyo si ya kupakata, itafutie jina jengine" 😂